Maswali na Majibu: Kitabu Nakijua, Mbona Alama Hazipandi?

Mwalimu, riwaya yetu ya kutahiniwa nimeisoma mara tatu, lakini kwenye insha ya fasihi sivuki alama 8 kati ya 20. Nakosea wapi? (Kidato cha Tatu, Kilifi)

Mwanangu, nahisi unasimulia. Swali linauliza jinsi mwandishi alivyoshughulikia tamaa, nawe unaeleza nani alifanya nini, kisha ikawaje, hadi karatasi inajaa. Mtahini hadithi anaijua. Anataka hoja yako, tukio la kuithibitisha, na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyoithibitisha. Hapo pa tatu ndipo wengi wanaporuka. Chukua insha yako ya zamani, upigie mstari kila sentensi ambayo ungeweza kumwambia rafiki mkitoka shule. Zitakazobaki bila mstari ndizo uhakiki. Hata zikiwa mbili, umepata pa kuanzia.

Binti yangu hupata alama zilezile kila muhula. Nitajuaje kama anakua katika somo hili? (Mzazi, Voi)

Mama, usitazame alama peke yake. Sikiliza maswali anayouliza. Niliwahi kumfundisha msichana aliyekuwa akitaja tamathali, yaani mbinu za lugha ya kupamba, kama anayeita majina ya darasa: tashbihi ipo, tashihisi ipo, takriri ipo. Siku moja tulisoma *Al-Inkishafi*, utenzi ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga akitazama magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yana popo na buibui. Mara ya kwanza msichana huyu aliandika kwamba popo wanaonyesha nyumba ni chafu. Nikampa nusu alama, nikanyamaza.

Wiki kadhaa baadaye alinijia na ubeti wa vidaka. Vile vijishubaka vya ukutani, katika nyumba za mawe za pwani, vilipangwa sahani za kigeni ili mgeni aone utajiri wa mwenye nyumba. Katika utenzi, mlemle zilimokuwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Akaniuliza: “Mwalimu, kwa nini amewaweka ndege pale pale penye sahani? Si angesema tu mali huisha?” Nilifurahi siku nzima. Alikuwa ameona kwamba mshairi alichagua, na kwamba angeweza kuchagua vingine. Alama zake zilichelewa kupanda, maana kalamu huchukua muda kuyafikia macho. Kwa hiyo binti yako akianza kuuliza “kwa nini hivi na si vile?”, kaa naye umsikilize, hata kama ripoti ya shule haijabadilika.

Ni vibaya kutumia mwongozo, kile kijitabu cha kuchambua riwaya? (Kidato cha Nne, Nakuru)

Soma kitabu kwanza, uandike hoja zako tano, ndipo ufungue mwongozo. Ukiuanza mwongozo, utakachokiona kitabuni ni kile tu ulichoambiwa, na darasa zima litaandika insha moja.

Nimekariri bahari (aina) zote za ushairi, na kuhesabu mizani (silabi) siwezi kukosea. Bado nakwama nikiulizwa mshairi amefanikiwaje. (Kidato cha Tatu, Lamu)

Hesabu yako ni nzuri, ila umeishia mlangoni. Ukigundua shairi ni msuko, kwa maana kibwagizo chake ni kifupi kuliko mishororo mingine, lisome kwa sauti. Sikia pumzi inavyokatika pale mwisho. Je, mshairi anaomboleza? Anaamuru? Ufupi ule unaisaidiaje hali hiyo? Ushairi wetu ulitungwa uimbwe, na sikio hukamata mengi ambayo jicho limeyapita. Kwenu Lamu hukosi mtu mzima anayejua kughani, nenda ukamsikilize.

Mwalimu wetu anasema mhusika fulani ni msaliti. Mimi namwona mwoga tu. Naruhusiwa kumpinga? (Kidato cha Nne, Kisumu)

Unaruhusiwa, kwa adabu na kwa ushahidi. Tafuta mahali pawili kitabuni ambapo woga wake unaonekana kabla ya kitendo kinachoitwa usaliti, si baada yake. Kisha tafuta pale panapokukanusha, upaandike pia na kupajibu. Mpelekee mwalimu baada ya kipindi, umwambie: “Naomba unisomee hii.” Mimi wanafunzi wamenibadilisha mawazo hivyo zaidi ya mara moja, na nilifurahi.