Mwenyekiti mpya hana cheti cha tabia njema: aanze?

Dada, unauliza kama mwenyekiti mpya wa kituo chenu cha watoto hapo Kenya aanze kazi kabla ya cheti cha tabia njema, kwa kuwa kanisa zima linamjua. Asianze. Aombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, apigwe alama za vidole, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, itoe cheti. Hata hivyo cheti huonyesha yaliyofika polisi tu, na mengi hayafiki. Kwa hiyo wapigie waliofanya naye kazi, uwaulize waziwazi: mngemkabidhi watoto tena?

Asikae na mtoto faraghani, cheo chochote awe nacho. Na mtoto akilalamika, tafadhali msiitishe kikao cha kusuluhisha. Nendeni kwa afisa wa watoto, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, bure.