Huyo Dubois uliyeniuliza

Mwanangu, salama? Meseji yako nimeiona. Unauliza kama huyu Théodore Dubois, mtunzi Mfaransa, ambaye kwaya yetu inaimba Adoramus te yake Ijumaa Kuu ndo huyohuyo aliyembania mtunzi Ravel, maana mwalimu wenu kamponda darasani. Ndo huyohuyo. Ila mi naona nusu anaonewa, nusu alijitakia mwenyewe.

Alizaliwa 1837 Rosnay, kijiji karibu na Reims, akaenda Paris, 1861 akashinda Prix de Rome, tuzo ya Ufaransa ya watunzi vijana, ileile ambayo Ravel hakuwahi kuipata nafasi ya kwanza. Akawa mwalimu wa kwaya pale Sainte-Clotilde, kwenye kinanda alikuwa César Franck, na hapo ndo 1867 akatoa Maneno Saba ya Kristo, ambayo Adoramus te ndo wimbo wake wa mwisho. Unaijua ile, sauti zote nne zinatembea pamoja, hakuna anayekimbia mbele, hata besi wetu wavivu wanaiweza na bado watu wanatulia kanisani.

Sasa cheki huyu mtunzi mwenzake Fauré. 1877 Dubois anahamia kwenye kinanda cha Madeleine, kwaya ya pale anaachiwa Fauré. 1896 Dubois anakuwa mkurugenzi wa Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kinanda anaachiwa Fauré. Halafu 1905 Ravel, mwanafunzi wa Fauré huyohuyo, miaka 30, keshaandika Jeux d'eau na kwarteti yake, anatupwa nje raundi ya kwanza ya Prix de Rome, na waliopita fainali wote ni wanafunzi wa Lenepveu, mwalimu wa Conservatoire, ambaye mwenyewe kakaa kwenye meza ya majaji! Magazeti yakawaka, Dubois akaondoka, na kiti cha mkurugenzi akakalia nani? Fauré. Yaani mtu anakufuata nyuma miaka 28 na kila ukiinuka anakaa yeye.

Watu wanasema alitimuliwa, lakini alishatangaza kustaafu miezi kadhaa kabla, skendo ilimharakisha tu. Pale ndo anaonewa. Ila ile ya 1902 ya kujaribu kuwazuia wanafunzi wasiende kusikiliza opera ya Debussy, Pelléas et Mélisande, hiyo siwezi kumtetea, mwalimu gani anaogopa masikio ya wanafunzi wake? Na mtunzi Mjerumani Wagner naye alikuwa hamtaki kwenye masomo, hapo kabana mno.

Lakini kufundisha alijua bana. Alianza kufundisha harmoni 1871, na kitabu chake cha harmoni kilikuja kutumika miaka na miaka, ni kigumu, kila noti ina sheria, ila ukishakimaliza huandiki sauti zinazogongana ovyo. Kwa hiyo mwalimu wenu akimponda tena, muulize kwa adabu mtunzi Paul Dukas alisoma harmoni kwa nani. Na ukipata nafasi kwenye kinanda cha hapo chuoni jaribu Toccata ya Dubois ya G, usiikimbize.

Baba yako