Uzamili wa utalii wa kitamaduni na ubunifu: ni taaluma kamili au jina tu?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina shahada ya kwanza ya historia na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza wageni kwenye makumbusho. Nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya uzamili: moja ni ya usimamizi wa utalii kwa jumla, nyingine ni ya usimamizi wa utalii wa kitamaduni na ubunifu. Wenzangu wananiambia hiyo ya pili ni jina tu. Naomba unieleze tofauti iko wapi na nitafundishwa nini hasa. Je, mtu ambaye hesabu humtoa jasho ataiweza? Na nianze kuwaza tasnifu ya namna gani?

JIBU: Njema, ndugu msomaji, na hongera kwa kupata nafasi zote mbili. Wenzako hawajakosea kushuku, maana zipo kozi zilizobadilishwa jina zikaachiwa mtaala uleule wa zamani. Lakini taaluma yenyewe ipo, na tofauti yake huonekana ukiuliza swali moja la kiutendaji: wageni wakiongezeka, ni kitu gani kitakachokwisha kwanza?

Kwenye hoteli vitakwisha vyumba, na mwenye mtaji atajenga vingine. Kwenye utalii wa kitamaduni mara nyingi kinachokwisha hakijengeki tena. Mfano unaofundishwa karibu kila mahali ni pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka. Liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 lilikuwa likipokea watu wapatao 1,200 kwa siku. Hakuna aliyekwenda kuliharibu. Pumzi za wageni, joto la miili yao na mwanga wa taa vilitosha kubadili hewa ya ndani, mwani ukaanza kuota ukutani, na mwaka 1963 pango likafungwa. Tangu mwaka 1983 wageni huonyeshwa nakala iliyojengwa jirani. Msimamizi wa mahali pa namna hiyo hapimi mafanikio kwa idadi ya tiketi zilizouzwa. Kazi yake inaanzia kwenye kipimo cha hewa.

Utalii wa ubunifu una kikomo cha aina nyingine, na hapo ndipo kozi nyingi huteleza. Wazo lenyewe lilitangazwa mwaka 2000 na waandishi wa masuala ya utalii Greg Richards na Crispin Raymond: mgeni hapewi tu kitu cha kutazama, anapewa nafasi ya kujifunza na kutengeneza, kwa namna iliyo asili ya mahali alipofika. Lilichipuka kwenye mradi wa ufundi wa nguo uliofanyika Finland, Ugiriki na Ureno, ambako ilionekana kwamba wageni walitaka kujua kitu kinavyotengenezwa, na hata kujaribu wenyewe. Mwaka 2004 UNESCO ikaanzisha Mtandao wa Miji Bunifu, na mwaka 2006, kwenye mkutano wa kuandaa kongamano la kimataifa la utalii wa ubunifu uliofanyika Santa Fe, Marekani, ukatolewa ufafanuzi wa utalii wa ubunifu ambao hadi leo hunukuliwa kwenye vitabu vya kiada.

Sasa tazama kinachokwisha hapa. Si jengo wala mchoro. Ni saa za fundi.

Nieleze kwa mfano wa hesabu, kwa sababu bila namba jambo hili hubaki maneno matamu. Mfinyanzi anafanya kazi saa 40 kwa wiki. Msimamizi anamwomba afundishe wageni wanane kwa saa 3. Kwenye ratiba zinaandikwa saa 3, lakini mfinyanzi anahitaji saa moja kabla ya somo kukanda udongo na kupanga vifaa, na saa nyingine baadaye kusafisha na kurekebisha vyungu vilivyopinda. Somo moja limekula saa 5. Masomo manne kwa wiki ni saa 20, yaani nusu ya wiki yake ya uzalishaji, kwa wageni 32. Kwa hiyo ada ya wageni hao 32 lazima kwanza ifidie vyungu ambavyo angevitengeneza na kuviuza katika saa hizo 20, kisha udongo na kuni au umeme wa tanuri, kisha sehemu ya kampuni inayoleta wageni. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo faida yake. Nimeona mipango mingi ambayo gharama ya fundi imeandikwa kama posho ya saa 3, na mpangaji anashangaa mwaka unaofuata fundi anapojitoa. Fundi hakuwa mvivu wala hakukosa uelewa. Alijua hesabu yake kuliko aliyempangia.

Lipo pia tatizo la udongo wenyewe. Chungu kibichi kinahitaji siku kadhaa kukauka taratibu kabla ya kuingia tanurini. Kikichomwa kingali na maji hupasuka. Mgeni analala siku mbili na kuondoka. Je, atatumiwa chungu chake baadaye, na nani atabeba gharama ya usafirishaji na ya kuvunjika? Au somo libadilishwe, mgeni apewe kazi ya kunakshi chombo ambacho fundi alishakichoma? Uamuzi huo unaonekana mdogo, kumbe ndio unaoamua mgeni anajifunza nini, fundi anabaki na mamlaka gani juu ya kazi yake, na bei inakuwa kiasi gani. Huo ndio usimamizi wa utalii wa ubunifu. Mihadhara juu ya umuhimu wa utamaduni inakuandaa kwa uamuzi huo, lakini haiufanyi kwa niaba yako.

Kuhusu yatakayofundishwa, kozi nzuri itakupitisha kwenye nadharia za eneo la utalii linavyokua na kuchoka. Mbili utakutana nazo mapema: ngazi za mtafiti Doxey za mwaka 1975, zinazoonyesha wenyeji wakianza na furaha, kisha kutojali, kisha kuudhika, na mwisho uhasama, na mzunguko wa mtafiti Butler wa mwaka 1980, unaofuata eneo tangu linapogunduliwa na wageni wachache hadi linapodumaa, kisha ama kufufuka ama kufifia. Zitumie kama maswali ya kuulizia eneo lako, si kama utabiri.

Upande wa sheria na maadili unahitaji muda zaidi, na hapo usikubali kupewa muhtasari wa wiki moja. Anza na mikataba mitatu ya UNESCO. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 unahusu mahali na majengo. Mkataba wa mwaka 2003 unahusu urithi usioshikika, yaani ujuzi, ngoma, simulizi, sherehe na ufundi, na unazitaka nchi zishirikishe kwa upana jamii, vikundi na watu wanaoubeba urithi huo. Mwongozo wa utekelezaji wake unazungumzia ridhaa inayotolewa kwa hiari, kabla ya jambo kufanyika, na kwa kuelewa. Mkataba wa mwaka 2005 unahusu uanuwai wa kazi za kitamaduni, na unagusa soko. Isome mikataba hiyo pamoja na hati za ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa kuhifadhi majengo na maeneo ya urithi, kuhusu utalii za mwaka 1976, 1999 na 2022, kwa mpangilio huo wa miaka, uone jinsi haki za jamii mwenyeji na usimamizi wa kuwajibika zilivyosogezwa hadi katikati ya mjadala.

Kwa vitendo, ridhaa maana yake ni mapatano yanayosema nani ana mamlaka ya kukubali, kipi kinaonyeshwa na kipi hakionyeshwi, picha zinapigwa wapi, mapato yanagawanywaje na lini, na jamii inajitoa kwa njia gani ikiona mambo yamekwenda kombo. Hicho cha mwisho husahaulika kuliko vyote. Mapatano yasiyo na mlango wa kutokea si ridhaa. Jifunze pia mipaka ya hakimiliki. Kwa kawaida hulinda kazi yenye mtunzi anayejulikana na kwa muda maalumu, hivyo nakshi ya kale ya jamii nzima mara nyingi hubaki nje ya uzio. Alama za biashara za pamoja na viashirio vya kijiografia, yaani majina yanayoonyesha bidhaa inatoka wapi, husaidia, lakini hulinda jina la bidhaa. Haviwezi kumzuia mtu kuiga mbinu.

Hesabu isikuogopeshe. Inayotumika zaidi ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, ikifanywa kwa uaminifu. Chukua mfano unaoujua wa makumbusho. Mbinu iliyochapishwa na mtafiti Miguel Cifuentes mwaka 1992, akifanyia kazi maeneo ya hifadhi, hukadiria uwezo wa eneo kubeba wageni kwa hatua tatu. Tuseme vyumba vya maonyesho vina mita za mraba 120 za kutembelea, na kila mgeni anahitaji mita za mraba 4: watu 30 kwa wakati mmoja. Ziara ni dakika 45, milango iko wazi saa 9, kwa hiyo ni mizunguko 12, na jumla ni wageni 360 kwa siku. Huo ni uwezo wa kwenye karatasi. Hatua ya pili unaondoa vizuizi vya mahali penyewe: ikiwa vyumba lazima vifungwe saa moja na nusu kwa siku ili unyevu ushuke, mizunguko inabaki 10, na wageni 300. Hatua ya tatu unauliza uwezo wa wasimamizi. Ikiwa kila mwongozaji huchukua watu 15, na mchana yupo mmoja badala ya wawili, mizunguko mitano ya asubuhi inabeba 150 na mitano ya mchana 75. Uwezo halisi ni 225. Ukiifuata hesabu hiyo, umeshapita sehemu inayowatisha wengi.

Namba hiyo nayo ina wapinzani wake, na wana hoja. Tangu mwaka 1985, kwa kazi iliyofanywa katika idara ya misitu ya Marekani, wapo wanaosema swali la kwanza lisiwe ni wageni wangapi, bali ni mabadiliko gani tuko tayari kuyakubali, kisha yapimwe kila msimu. Wageni 20 wenye kelele wanaweza kuumiza mahali pa ibada kuliko 200 walioelekezwa vizuri. Mimi huwataka wanafunzi watumie njia zote mbili: namba ya kuanzia, kisha viashiria vya kuisahihisha. Bei ni chombo kingine, lakini hakitoshi peke yake. Venice ilianza kutoza euro 5 mwaka 2024 kwa wageni wa kutwa katika siku zilizochaguliwa. Tozo ya namna hiyo, pamoja na kujiandikisha kabla ya kufika, inaupa mji taarifa za wageni mapema, na kwangu hiyo ni faida kubwa kama fedha zenyewe.

Basi uchague ipi? Omba mtaala wa kozi ya pili, neno kwa neno, si kipeperushi. Tafuta ndani yake gharama na bajeti, sheria za urithi na mali bunifu, mbinu za utafiti, na mafunzo kwa vitendo ya kukaa mahali pamoja. Ziara za kupita vituo vitano kwa wiki moja ni matembezi. Ukikuta robo tatu ya masomo ni historia na nadharia ya utamaduni, utarudishwa kwenye uwanja unaoumudu tayari. Katika hali hiyo ningekushauri uchukue ile ya utalii kwa jumla, ujifunze fedha na uendeshaji, na tasnifu uielekeze kwenye utamaduni. Lakini ikiwa mambo hayo manne yamo, chukua ya pili bila kusita, kwa sababu miaka yako ya kuongoza wageni itakupa mifano ambayo wenzako darasani hawatakuwa nayo.

Kwa tasnifu, epuka hojaji ya kuridhika kwa wageni. Mtu aliyetoka kushika udongo huku fundi amesimama pembeni atasema amefurahi, na utabaki na jedwali la furaha lisiloamua chochote. Uliza upande wa pili. Je, warsha za wageni zinaongeza wanagenzi wa ufundi huo au zinawapunguza? Je, fundi anayefundisha wageni ameanza kutengeneza vitu vidogo na vyepesi vya kubebwa kwenye begi, akaacha vile vigumu vilivyomjengea jina? Maswali hayo yanapimika kwa daftari la saa, orodha ya vitu vilivyotengenezwa kila mwezi, na usaili wa mafundi na wanagenzi wao.

Nenda kwa mafundi kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, ukiwa na barua ya chuo na ruhusa zinazotakiwa. Fedha usianze nazo, wachache watazisema kwa mgeni. Anza na saa: ameamka lini, amefanya nini, somo la wageni lilimkatisha wapi. Waache nao wakuambie ni swali gani wangependa lijibiwe. Likiwa bora kuliko lako, badilisha la kwako.