Kegi ya mtumba: kagua kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza kama kegi kuukuu ya soda, yaani pipa la chuma la kuhifadhi kinywaji chenye gesi, ile ya lita 19, inafaa kwa bia ya nyumbani hapo Marekani. Inafaa. Mwombe muuzaji aijaze kaboni dioksidi hadi psi 30 (kipimo cha shinikizo), kisha paka maji ya sabuni kwenye mfuniko na valvu. Povu likitoka, mara nyingi ni oringi tu, yaani pete ya raba ya kuziba. Badilisha zote tano hata kama hazivuji, maana raba hunyonya harufu ya soda na kuirudisha kwenye bia. Yenye kutu ndani au mshono uliobonyea, achana nayo. Mtungi wa gesi ya kusukuma bia ndio wenye gharama iliyojificha: hupimwa upya kila miaka 5, na tarehe ya kipimo cha mwisho imegongwa begani mwa mtungi; miaka hiyo ikipita, hujaziwi. Mipira ya kupitishia bia nunua mipya, ni ya bei nafuu.