Masta ya mtandaoni ukiwa kazini: majibu kwa wasomaji wa Mwanza na visiwa vya ziwa

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, niko idara ya ghala kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Nina shahada ya biashara. Kompyuta naijua kwa kutumia, programu siwezi kuandika. Nimeona chuo cha Uingereza kinatangaza shahada ya uzamili ya teknolojia ya biashara, yote mtandaoni, wanasema unasoma kwa muda wako, miaka miwili hadi mitano. Nina mke na mtoto mdogo, na zamu yangu hubadilika kila wiki. Rafiki zangu wanasema masta ya mtandaoni Tanzania haitambuliki. Nijiunge? Nitaweza? Na ina faida gani kwa mtu wa samaki? Wabeja sana.
Mtunza ghala, Ilemela

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu majibu ya yale mengine yanategemea hilo.

Mimi nilikuwa upande wa uhasibu kwenye viwanda vya samaki kabla ya kusoma masta ya aina hiyo, na nikaendelea huko baada ya kumaliza, kwa hiyo mlango wako wa mapokezi naujua. Boti ya kukusanya inafika alfajiri na sangara kwenye barafu. Mpokeaji anapima uzito, anachoma kipimajoto ubavuni mwa samaki, anaangalia urefu usipungue sentimita 50, kisha anaandika jina la wakala kwenye kaunta buku iliyolowa hadi wino unatambaa. Ndani, msimamizi wa wakata minofu ana daftari lake. Chumba cha baridi kina karatasi yake ukutani. Wewe ghalani una Exceli yako. Mteja wa ng'ambo akiuliza boksi fulani samaki wake walitoka mwalo gani, yaani ufukwe gani wa kupokelea samaki, watu wanne wanaanza kufunua kurasa, na jibu linapatikana kesho yake mchana, likipatikana.

Hiyo ndiyo teknolojia ya biashara, mwanangu. Humo hutasomea uhandisi wa kompyuta. Utajifunza kuchagua mfumo unaowafaa watu wako, kupima gharama yake na faida yake, kusoma takwimu na kuzitolea uamuzi, kulinda taarifa, kusimamia mradi mpaka uishe, na kumfanya mpokeaji aliyezoea kaunta buku kwa miaka mingi akubali kugusa kishikwambi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na wewe unayemfahamu kwa jina na kwa hasira zake una nafasi nzuri kuliko mtaalamu atakayeletwa kutoka Dar.

Tuliokuwapo tunakumbuka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Soko halikufunguliwa kwa kuombwa. Lilifunguliwa kwa ukaguzi, vipimo na kumbukumbu. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mambo haya ni ya mabenki na kampuni za simu.

Fanya hivi kabla ya kujaza fomu. Andika ukurasa mmoja juu ya tatizo moja la kazini kwako ambalo unataka kulimaliza. Kisha chukua orodha ya masomo ya chuo hicho, uisome moja moja huku ukurasa wako uko pembeni. Kama nusu ya masomo hayagusi tatizo lako, tafuta chuo kingine. Usichague kwa uzuri wa tangazo, wala kwa sababu jina la chuo litapendeza kwenye kadi ya harusi.

Sasa, utaweza? Hapa tupige hesabu. Uingereza shahada ya uzamili ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kusikiliza mihadhara, kusoma, kuandika na kujiandaa na mitihani. Jumla ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miaka miwili, ni kama saa 17 kila wiki bila likizo. Kwa miaka mitatu ni saa 11 na nusu hivi. Kwa mitano ni karibu saa 7. Tangazo linaposema unasoma kwa muda wako, maana yake saa hizo unaweza kuzipanga alfajiri, usiku au Jumapili. Idadi yake haipungui.

Kwa zamu zako ningekushauri miaka mitatu, somo moja kwa wakati. Mimi nilisomea mezani sebuleni, Nyegezi, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka makondakta wa daladala waanze kuita abiria, kwa sababu usiku akili yangu ilikuwa imeshachoka na hesabu za watu wengine. Wewe kwenye wiki ya zamu ya usiku utahitaji mpango tofauti na wiki ya mchana, kwa hiyo andika ratiba mbili, si moja.

Na kaa na mkeo kabla hujajiunga, tena kwa kirefu. Saa 11 za wiki haziokotwi barabarani, zinatoka nyumbani, na nyingi zitatoka kwake. Nani atambeba mtoto akiamka wakati umeweka spika za masikio? Nani ataenda msibani kwa niaba yenu wote? Nimeona ndoa zenye upendo zikichubuka kwa sababu mmoja alimpa mwenzake taarifa ya masomo badala ya kushauriana naye. Mpe haki ya kusema siku fulani hausomi, na siku hiyo usisome.

Angalia na saa za vipindi vya moja kwa moja. Kipindi cha saa moja jioni London ni saa nne usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao, maana wao hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kazi inayotakiwa kabla ya usiku wa manane wa huko, kwako itafungwa saa tisa usiku au saa nane. Ukitaka usingizi wako, jiwekee mwisho wako mwenyewe, jioni ya siku iliyotangulia.

Kuhusu kutambulika, rafiki zako wamechanganya mambo. Kinachoangaliwa kwanza ni kama chuo kina ithibati nchini kwake na mamlaka ya kutoa shahada hiyo. Kinachofuata ni tathmini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo inayotambua tuzo za nje. Waandikie TCU kabla hujalipa hata shilingi, utaje jina la chuo, jina kamili la programu na kwamba inafundishwa mtandaoni, na barua watakayokujibu uitunze pamoja na vyeti vyako. Sote tunaukumbuka uhakiki wa 2017, watumishi wa umma zaidi ya 9,000 walipokutwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo waajiri wengi wamekuwa makini, na mimi nawaunga mkono.

Kusoma kwa mbali kwenyewe si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu walio mbali nacho mwaka 1858. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na kina kituo hapa hapa Mwanza. Nenda uwaulize kabla hujaamua kwamba lazima iwe Uingereza, kwani ada unailipa kwa shilingi na ukikwama kuna mtu wa kumfuata ofisini.

Ukibaki na Uingereza, uliza kama unaweza kulipa somo kwa somo. Uliza pia kama wanaruhusu kutoka njiani. Kwa utaratibu wao, krediti 60 zinaweza kukupa cheti cha uzamili na 120 stashahada ya uzamili, kwa hiyo mambo yakibana hutoki mikono mitupu. Kama wanadai mtihani wa Kiingereza, waulize kama watapokea barua ya chuo chako cha hapa inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, maana vipo vinavyokubali na utaokoa pesa. Tazama pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa. Huwa ni kwa kozi zilizoorodheshwa tu, basi anza na orodha yao. Na zungumza na mwajiri wako ukiwa na ule ukurasa mmoja mkononi. Akikubali kuchangia, soma vizuri kifungu kinachosema utamtumikia miaka mingapi baada ya kumaliza.

Jambo la mwisho kwako. Utataka kutumia kumbukumbu za kiwanda kwenye tasnifu. Omba ruhusa kwa maandishi, na majina ya mawakala na wavuvi yaondoe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mvuvi wa Ukara aliyetaja namba yake ya simu ili alipwe hakuitoa ili isomwe na profesa.

Jiunge, mwanangu, TCU wakishakujibu na mkeo akishakubali.

SWALI: Shikamoo mama. Ni mwalimu wa sekondari, Nansio. Nimeanza masta ya mtandaoni muhula huu. Mtihani wa mwisho unasimamiwa kwa kamera, na mvua ikianza mtandao wa huku husuasua. Nikikatika katikati ya mtihani itakuwaje?
Mwalimu, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwalimu. Usisubiri siku ya mtihani ndipo ujue. Waandikie chuo wiki hii, waulize mambo haya waziwazi: ukikatika unaruhusiwa kurudi ndani ya dakika ngapi, muda uliopotea unafidiwa, na kuna kituo cha kufanyia mtihani ana kwa ana Tanzania? Jibu lao litakuwa kinga yako, ndiyo maana nataka liwe la maandishi. Vyuo vingi vinatoa mtihani wa majaribio wa kupima kamera na kasi ya mtandao. Ufanye saa ileile ya mtihani wenyewe, kwani mtandao wa saa nne asubuhi si mtandao wa saa mbili usiku, wakati kisiwa kizima kimeshika simu.

Ningekuwa wewe ningevuka kuja Mwanza. Vuka siku moja kabla, usivuke siku ya mtihani, kwa sababu ziwa likichafuka ratiba ya meli haikuulizi una mtihani. Tafuta chumba chenye jenereta, mahali ambapo hakuna atakayefungua mlango. Msimamizi wa kamera akiona mtu mwingine amepita nyuma yako, anaweza kusimamisha mtihani, hata kama ni mhudumu aliyeleta chai. Mweleze mwenye nyumba mapema, na karatasi ubandike mlangoni. Kuwa na laini za mitandao miwili tofauti, bando kamili kwenye zote, betri ya kompyuta imejaa, kitambulisho kiko mezani.

Ukikatika pamoja na yote hayo, piga picha ya kioo kinachoonyesha kosa pamoja na saa, na barua pepe iende chuoni dakika hiyohiyo kwa simu. Anayetoa taarifa papo hapo husikilizwa tofauti na anayelalamika baada ya wiki.

SWALI: Chuo kinatoa punguzo nikilipa ada yote ya masta kwa mkupuo. Nina kiwanja Buswelu. Nikiuze?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usikiuze. Hujajua bado kama masomo hayo yatakufaa wala kama kazi yako itakuachia muda, na ada ikishalipwa yote, kurudishiwa ni mlolongo. Lipa somo la kwanza kwa mshahara, ulimalize, uone matokeo yake na uone hali ya nyumbani, ndipo ulipie la pili. Kama mshahara hautoshi hata somo moja kwa muhula, anza mwakani, uweke akiba mpaka wakati huo. Na kama kiwanja hakijapimwa wala hakina hati, akiba ya kwanza kabisa ipeleke huko.