Skrini Haipitishi Azimio

Swali: Nimeunganisha laptopu yangu ya inchi 14 na skrini ya nje ya inchi 24, maandishi yakawa na ukungu. Maelekezo niliyosoma yanasema "badilisha azimio la onyesho liwe 1920 kwa 1080". Je, "azimio" ni sahihi hapo?

Jibu: Si sahihi hata kidogo, na inakera kwamba kosa hili sasa linafundishwa kama istilahi.

Azimio linatokana na kuazimia, kitenzi chenye asili ya Kiarabu: kukusudia kwa dhati. TANU ilipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba chama kimekata shauri. Likaja Azimio la Zanzibar mwaka 1991, likalegeza masharti ya viongozi, na neno likabaki na maana ileile. Azimio huletwa kikaoni, hujadiliwa, hupitishwa, hutekelezwa, pengine hubatilishwa. Skrini inakaa kikao gani? Geuza sasa upande wa pili: tunaambiwa "punguza azimio", "picha ya azimio la juu". Nani amewahi kupunguza Azimio la Arusha hadi 720? Neno likikataa vitenzi vyake lenyewe, ujue limewekwa mahali pasipo pake.

Chanzo ni neno moja la Kiingereza, resolution, lenye maana mbili. Asili yake ya Kilatini ni kufungua, kutenganisha, na kwenye vioo na skrini bado ni hivyo: uwezo wa kutofautisha nukta mbili zilizokaribiana. Mfasiri, au mashine yake, akachukua maana ya bungeni akaibandika kwenye kioo. Afadhali basi fundi anayesema "rezolusheni". Amekopa waziwazi na hampotoshi mtu.

"Ukubwa wa skrini" nao haufai, kwani ukubwa ni inchi. Sema idadi ya nukta, au pikseli ukipenda. "Msongo" ni neno zuri, ila liachiwe kazi yake: nukta ngapi zimesongamana katika inchi moja. Nukta 1920 kwa 1080 kwenye laptopu ya inchi 14 zina msongo wa takriban 157 kwa inchi. Idadi hiyohiyo kwenye skrini ya inchi 24 ina msongo wa 92 tu. Idadi ni moja, msongo ni mbalimbali. "Azimio" haliwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Na ukungu wako? Nukta za skrini bapa hazihami. Ukituma picha ya 1366 kwa 768 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, kila nukta inatakiwa kujaza nukta moja na sehemu nne za kumi, kwa upana na kwa kimo. Haigawanyiki sawasawa, basi kingo za herufi zinafifia. Mara nyingi hutokea skrini mbili zikionyesha picha moja, kwa sababu zote hulazimika kutumia idadi moja. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kutandaza (Extend) badala ya kurudufu (Duplicate). Kisha bofya kulia mahali patupu, fungua mipangilio ya onyesho, chagua skrini namba 2 kwanza (wengi husahau, wakabadilisha ya laptopu), ndipo uchague idadi iliyoandikwa kwamba inapendekezwa. Thibitisha ndani ya sekunde 15, la sivyo itarudi ilikokuwa. Herufi zikiwa ndogo usipunguze nukta. Ongeza asilimia ya ukuzaji, 125 au 150.

Idadi inayopendekezwa isipoonekana kabisa, kagua dreva (programu inayoendesha) ya kadi ya picha, kisha waya. Kwa mwenye skrini ya nukta 3840 kwa 2160, waya na tundu za HDMI toleo la 1.4 huibadilisha picha mara 30 tu kwa sekunde, na kipanya kitaonekana kikisuasua. Kwa mara 60 unahitaji HDMI 2.0 au mpya zaidi, pande zote mbili.