Ule mluzi wa Otis Redding

Ndugu uliyeuliza kama ule mluzi mwishoni mwa wimbo "(Sittin' On) The Dock of the Bay" wa Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, ulipangwa: hapana. Steve Cropper, mpiga gitaa aliyeutunga wimbo huo pamoja na Otis, amesimulia kwamba pale mwisho palikuwa na nafasi ya Otis kuongezea maneno ya papo kwa papo. Maneno hayakuja, akapiga mluzi. Usikilize tena kwa spika za masikioni, unavyofifia polepole, hauna haraka kabisa.

Otis alianza kuutunga wimbo huo akiwa kwenye nyumba inayoelea majini huko Sausalito, ng'ambo ya San Francisco, mwaka 1967. Waliurekodi Memphis, studio za kampuni ya muziki ya Stax. Desemba 10 mwaka huohuo ndege yake ikaanguka Ziwa Monona, Wisconsin. Alikuwa na miaka 26 tu. Cropper ndiye aliyeukamilisha, na zile sauti za mawimbi na shakwe aliziweka yeye. Hebu fikiria kukaa studio na sauti ya rafiki uliyetoka kumpoteza!

Ulitoka Januari 1968, na Machi ukashika namba moja Marekani. Kabla ya hapo hakuna marehemu aliyewahi kufika pale kwenye chati ya nyimbo ya jarida la Billboard.